Mbwa wa kuokotwa na mwalimu wake: Somo la Gulu kwa Kisiwa cha Mfangano

Mashua za omena zinaporudi alfajiri kwenye fuo za Kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, mbwa huwa wamewatangulia wachuuzi. Hulala kando ya nyavu za kuanikia, macho nusu wazi, wakingoja dagaa atakayedondoka kwenye karai au matumbo ya sangara yatakayotupwa. Mtoto akiinama tu kuokota kokoto, wote huwa wameshatimka kabla mkono haujainuka.

Kule kutimka kabla ya jiwe kurushwa kunaonyesha mambo mawili. Kwanza, mbwa hao wanausoma mwili wa binadamu vizuri kuliko binadamu wanavyousoma wa mbwa. Pili, wameshafunzwa. Waliowafunza ni wanakijiji wenyewe, na somo waliloshika ni kwamba mkono wa mtu una maumivu.

Kwa hiyo mkufunzi anayemwokota mbwa wa ufuoni ana kazi mbili: kuliondoa somo la kwanza, kisha kuanza la pili. Ya kwanza ndiyo ngumu, ndiyo huchukua muda mrefu, na ndiyo inayombadilisha mkufunzi mwenyewe.

Kazi hiyo ina watu wake Afrika Mashariki. Anayestahili kutajwa kwanza yuko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, ndugu wa kilugha wa Wajaluo wa Homa Bay na Migori.

Kipofu na mbwa wa shule

Francis Okello Oloya alikulia katika vita vya waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), vita vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwasukuma zaidi ya watu milioni 1.5 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Alikuwa na miaka 12, akilima shamba la familia, bomu lililokuwa limefukiwa ardhini lilipolipuka. Akapofuka.

Alipelekwa shule ya bweni mjini Gulu. Mchana wenzake walikuwapo wa kumshika mkono. Usiku mambo yalikuwa mengine, kwa sababu choo kilikuwa mbali na bweni, na mtoto asiyeona hawezi kumwamsha mwenzake kila usiku bila kuchokwa. Waliomtatulia tatizo hilo ni mbwa waliokuwa wakiishi pale shuleni. Walimzoea, akawazoea, wakawa wanampeleka na kumrudisha. Hawakuwa mbwa waliofunzwa kuongoza vipofu. Walikuwa mbwa wa kawaida, wa aina ileile inayotupiwa mawe kila mahali.

Okello alikua, akasomea saikolojia ya jamii, akarudi kuwatumikia watu wake. Katika miaka ya 2010 alianzisha Comfort Dog Project chini ya The BIG Fix Uganda, shirika linaloendesha hospitali ya wanyama mjini Gulu. Mpango wake unaeleweka kwa urahisi: mbwa waliotupwa au kuteswa huokotwa, hutibiwa, huchanjwa na kuhasiwa. Kisha kila mmoja hukabidhiwa mtu aliyeumizwa na vita, wakiwamo waliotekwa wakiwa watoto na kulazimishwa kubeba bunduki.

Kwa miezi kadhaa mtu na mbwa wake huhudhuria mafunzo pamoja. Mtu hujifunza kumlisha, kumsafisha, kumtembeza na kumfundisha maagizo machache. Mwishoni hufanyika mahafali, na mshiriki hutoa ahadi mbele ya watu kwamba atamtunza mnyama huyo maisha yake yote. Baadhi ya waliohitimu hurudi kuwafunza wengine.

Ahadi hiyo ya hadharani ndiyo nguzo ya mpango wote. Mtu ambaye kijiji kilimwogopa kwa sababu ya mambo yaliyompata msituni sasa anaonekana kila asubuhi akitembea na mbwa mtulivu. Majirani huuliza jina la mbwa, na mazungumzo yaliyokuwa yamekufa kwa miaka huanza upya. Nyumbani, mbwa humlazimisha mtu huyo kufuata ratiba: lazima aamke, lazima ale, lazima atoke. Usiku jinamizi linapomzindua mwenye nyumba, kuna kiumbe hai kando yake kinachopumua taratibu.

> Aliyejifunza kutambua hofu katika mwili wa mbwa ameshaanza kuitambua katika mwili wake mwenyewe.

Kuisoma hofu

Kazi ya kwanza ya mkufunzi yeyote wa mbwa wa kuokotwa ni kutazama. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia, hulaza masikio nyuma, huinamisha kichwa. Hizo dalili kila mtu huziona. Ziko ndogo zaidi ambazo wengi huzipita: kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo pasipo usingizi, kuinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Ya hatari kuliko zote ni kuganda. Mbwa anayebweka bado anajadiliana. Aliyekakamaa ghafla, kinywa kimefumbwa na macho yamekazwa, amebakiza nukta moja tu kabla ya kuuma.

Kutokana na hilo linakuja somo ambalo wenye mbwa wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: mbwa anayenguruma asiadhibiwe. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyechapwa kila anaponguruma haachi kuogopa, bali huacha kuonya. Siku moja huuma bila dalili yoyote, na watu husema ameuma bila sababu.

Umri nao una uzito wake. Mwaka 1965 watafiti John Paul Scott na John Fuller wa maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani, walichapisha kazi ya miaka mingi iliyoonyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi karibu ya 12 ya uhai wake, kitoto cha mbwa hufunguka kwa viumbe na vitu vinavyomzunguka. Anachokizoea katika wiki hizo hukiona cha kawaida maishani. Asichokutana nacho huweza kumtia hofu mpaka uzeeni.

Hapa mbwa wa kijijini ana bahati kuliko anavyodhaniwa. Vitoto vingi huzaliwa nyuma ya jiko au chini ya ghala, na watoto wa nyumbani huvibeba tangu macho hayajafunguka. Mawe huja baadaye. Ndiyo maana mbwa anayeonekana mkali ufuoni mara nyingi si mnyama wa porini. Ana kumbukumbu ya mkono mwema, na kumbukumbu hiyo ndiyo mlango wa mkufunzi.

Kwa wanaopokea mbwa wa kuokolewa duniani kuna kipimo cha mazoea: siku tatu za kwanza mbwa hajui aliko, wiki tatu huanza kuielewa ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndipo huanza kuamini. Si sheria ya kisayansi, na mbwa wengine huhitaji mwaka. Faida yake ni kwamba humzuia mwenye haraka. Siku za mwanzo hakuna agizo linalofundishwa. Mkufunzi huketi ubavu kwa mbwa, hamkazii macho, hanyooshi mkono juu ya kichwa chake. Hutupa chakula karibu, kisha hungoja. Anayeamua kusogea ni mbwa.

Kipande cha omena

Mbwa akishasogea kwa hiari, somo huanza, na vifaa vyake havina gharama kubwa. Mfangano kifaa bora kinauzwa kwa gorogoro: omena mkavu. Ni mdogo, ana harufu kali, hubebeka mfukoni, na mbwa wa ziwani anamtambua tangu utotoni.

Agizo la kwanza kwa kawaida ni kuketi. Mkufunzi hushika omena mmoja kwa vidole viwili, humsogeza karibu kabisa na pua ya mbwa, kisha hupandisha mkono polepole kuelekea nyuma, juu ya paji la uso. Pua hufuata samaki. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka, kwa kuwa mwili wa mbwa umeumbwa hivyo. Sekunde ileile makalio yanapogusa chini, mkufunzi hutamka neno moja fupi, lilelile kila mara, na omena huingia kinywani.

Neno hilo fupi ndilo siri ya kazi. Humwambia mbwa ni kitendo gani hasa kilicholeta chakula. Likichelewa hata sekunde mbili, mbwa huwa ameshasimama, na kilicholipwa ni kusimama. Wakufunzi wengi wanapolalamika kwamba mbwa ni mjinga, kosa huwa katika wakati wao wenyewe. Wengine hutumia kidude cha plastiki kinacholia "tak" badala ya neno. Kazi ni ileile.

Baada ya mara kadhaa mkono huinuliwa bila omena, na malipo hutoka mfukoni. Ndipo neno "keti" huongezwa, mwisho kabisa, mbwa akiwa ameshajua kitendo. Anayeanza kwa kupiga kelele "keti! keti!" kwa mbwa asiyejua maana yake anamfundisha tu kwamba neno hilo ni kelele.

Kipindi kimoja hakizidi dakika tano. Viwili au vitatu kwa siku vinatosha. Somo la pili ni kuja akiitwa, na lina kanuni moja isiyovunjwa: mbwa aliyekuja asipigwe kamwe, hata kama ametoka kula kuku wa jirani. Akipigwa, alichoadhibiwa ni kuja. La tatu ni kubadilishana. Mbwa aliyelala na njaa hulinda mfupa wake kwa meno, na kumnyang'anya ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuulinda. Akipewa kitu kizuri zaidi, huuachia mwenyewe.

Fimbo ina watetezi wake

Si wote wanaokubaliana na njia hii. Katika maboma mengi ya Suba, eneo lenye Kisiwa cha Mfangano, na kwingineko Kenya, mbwa hufugwa kwa kazi moja: ulinzi. Hufungwa mnyororo mchana, hufunguliwa usiku, na hulishwa makombo. Hoja ya wenye boma ni ya kweli kwao: mtaa ambao injini za boti na nyavu huibwa usiku hauhitaji mbwa anayetoa mguu kusalimia wageni. Mbwa akipendwa sana, wanasema, ukali humtoka. Baadhi ya wakufunzi wa mbwa wa ulinzi nao hushikilia kwamba lazima mnyama amjue bwana wake kwa fimbo.

Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito, maana umaskini wa aliyeibiwa injini si jambo dogo. Jibu lake liko katika kazi yenyewe ya ulinzi. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hubwekea kila kitu: mbuzi, upepo, mtoto wa shule. Mwenye boma huzoea kelele hiyo, na usiku mwizi anapofika haamki. Mbwa aliyefunzwa hubweka kwa mgeni na kunyamaza kwa neno la mwenyewe. Kubweka kwake kuna maana. Tena mnyororo ukikatika mchana, anayeumwa mara nyingi si mwizi. Ni mtoto anayepita.

Ushahidi wa maabara unaelekea upande huohuo. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na mtafiti wa Ureno, Ana Catarina Vieira de Castro, ilichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti wa mbwa 92 wa kufugwa majumbani kutoka shule za mafunzo za eneo la Porto. Mbwa wa shule zilizotumia adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, na homoni ya kortisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya somo kuliko kwa mbwa waliofunzwa kwa zawadi.

Sehemu ya pili ya utafiti huo ina uzito zaidi. Mbwa walifundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula, likiwekwa upande wa pili ni tupu. Kisha likawekwa katikati. Mbwa wa shule zilizotegemea adhabu zaidi walilisogelea polepole, kama wasiotarajia jema. Walikuwa nje ya darasa, hakuna aliyewatisha, na bado matarajio yao yalikuwa yameharibika. Kwa mbwa wa kuokotwa, ambaye matarajio yake yalikuwa mabovu tangu mwanzo, fimbo hukazia kilekile ambacho mkufunzi anajitahidi kukifungua.

Wanachosema sawa watetezi wa fimbo ni kwamba zawadi peke yake haimzuii mbwa aliyekwisha kuanza kumfukuza mbuzi. Kinachomzuia ni kamba ndefu. Mbwa asiyeaminika bado hatembei bila kamba karibu na mifugo mpaka amezoea kuitika, na hapo hakuna njia ya mkato.

Mbwa wa kigeni, mbwa wa nyumbani

Kenya na Tanzania zina wakufunzi mahiri wa mbwa wa kazi. Katika Mara Triangle, Kaunti ya Narok, shirika la Mara Conservancy limekuwa na kikosi cha mbwa wanaofuata nyayo za majangili tangu 2009. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, mafunzo yakifanyika Usa River karibu na Arusha chini ya Will Powell. Mbwa na waongozaji wao waliotoka huko wamewekwa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa kunusa pembe za ndovu na za faru zilizofichwa mizigoni.

Mbwa hao wengi hutoka Ulaya, na gharama ya kuwanunua na kuwatunza ni kubwa. Kanuni wanayofunzwa kwayo ni ileile ya omena: mbwa akinusa pembe hukaa chini, na mpira hutokea. Anachotafuta yeye ni mpira. Aliyezaliwa na hamu isiyoisha ya kucheza hutafuta mizigo siku nzima kwa ajili ya dakika moja ya furaha.

Hamu hiyo haikai katika damu ya Ulaya tu. Shirika la Working Dogs for Conservation la Montana, Marekani, ambalo limefanya kazi na askari wa wanyamapori Zambia, huchagua baadhi ya mbwa wake kutoka vituo vya mbwa waliotelekezwa. Wanaofaa ni walewale walioshindikana majumbani kwa sababu hawatulii. Walichokosa ni kazi.

Na mbwa wa kijijini Afrika Mashariki si takataka ya mchanganyiko wa mbwa wa wazungu, kama wengi wanavyoamini. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda walionekana kuwa na asili yao wenyewe, tofauti na mbwa wa aina za kigeni. Ni ukoo ulioishi hapa vizazi na vizazi, ukipambana na kupe, minyoo na njaa. Kwa eneo kama Suba, ambako Bonde la Lambwe limejulikana kwa mbung'o na malale tangu zamani, mbwa mgeni anayeletwa kwa fahari mara nyingi hufa kwa maradhi kabla hajajifunza kazi.

> Mbwa anayedharauliwa ufuoni ana ukoo wake, na umekaa kwenye mazingira haya vizazi na vizazi.

Chanjo kabla ya somo

Kabla ya omena wa kwanza, mkufunzi mwenye akili hutafuta daktari wa mifugo. Sababu ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia kwa mate kupitia jeraha, hupanda mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na kwamba waathirika wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2015 yalitaja vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Afrika na Asia.

Bonde la Ziwa Victoria liko katika historia ya ugonjwa huu nchini. Kenya iliuona kwanza kwa mbwa viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Binadamu wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za nchi alikuwa mwanamke wa bonde la ziwa hilo, mwaka 1928. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu, wa 2014 hadi 2030, ulikadiria kwamba huua hadi watu 2,000 kwa mwaka nchini.

Anayeumwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kufika hospitali kwa chanjo bila kusubiri dalili. Kwa mkazi wa kisiwani hapo ndipo ugumu ulipo: chanjo hutolewa kwa awamu, na kituo cha karibu kikiwa hakina dawa, kila awamu ni safari ya boti hadi Mbita au zaidi. Chanjo ya mbwa mmoja ni sindano moja, hufanyika pale ufuoni, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na tiba ya mtu mmoja aliyeumwa.

Risasi au sindano

Mzozo mkubwa kuhusu mbwa wanaozurura ni kama wauawe au wachanjwe. Sheria za Kenya zenyewe zina sura mbili. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maofisa uwezo wa kuua mbwa wanaozurura penye tishio la ugonjwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kuwatesa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Kwa Mfangano, uamuzi uko kwenye Kaunti ya Homa Bay, si Nairobi.

Wanaotaka mbwa wauawe husema ni njia ya haraka na yenye kuonekana. Mzazi ambaye mtoto wake ameumwa hataki kusikia hotuba kuhusu haki za wanyama, na hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini njia hiyo imejaribiwa, tena kwenye kisiwa, na ikashindwa.

Mwaka 1997 wavuvi walileta mbwa watatu kwa chombo kutoka eneo la Sulawesi hadi kisiwa cha Flores, Indonesia, ambako kichaa cha mbwa hakikuwapo. Ugonjwa ukaingia nao. Serikali ikaua mbwa kwa wingi, karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa. Ugonjwa haukuzimika, zaidi ya watu 100 walikufa katika miaka michache iliyofuata. Mbwa wengi wanaoonekana kuzurura wana wenyewe, na wenyewe huwaficha au kuwahamisha wauaji wanapokuja, virusi navyo vikahama. Waliokwisha kuchanjwa huuawa pamoja na wengine. Nafasi zao hujazwa na vitoto vipya visivyo na kinga, maana mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 tu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Pemba ni kisiwa cha Waislamu wengi, ambako mbwa ni wachache na hawakai ndani ya nyumba za watu. Chanjo ya mbwa kisiwa kizima ilisimamisha maambukizi mwaka 2014. Mwaka 2016 virusi vikavuka bahari kutoka Tanzania bara, vikazuka upya. Kampeni ya kisiwa kizima ikarudishwa, na kufikia Oktoba 2018 ugonjwa ulikuwa umekomeshwa tena. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya virusi waliweza kuonyesha kwamba vilitoka ng'ambo. Havikuwa vimejificha kisiwani.

Kipimo kinachotumika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka hadi mwaka, na mkakati wa Kenya umekichukua kipimo hicho. Mwaka mmoja ukirukwa, vitoto vilivyozaliwa hushusha kiwango chini ya mstari.

Kazi iliyopo Mfangano

Kisiwa kina faida moja kubwa: mbwa wanaweza kuhesabiwa, na mlango wa kuingilia unajulikana. Mlango huo ni boti. Wavuvi wa omena huhama ufuo hadi ufuo wakifuata samaki, kati ya Mfangano, Takawiri, Rusinga, bara, hata upande wa Migori, na familia inayohama huhama na mbwa wake. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, ndizo zinazojua boti ipi imetia nanga na nani amekuja. Cheti cha chanjo kikiulizwa pale pale boti inaposajiliwa, funzo la Pemba na la Flores litakuwa limefanyiwa kazi.

Habari nayo haina shida ya kufika. Redio ya jamii ya Ekialo Kiona hutangaza kutoka Mfangano kwa Kisuba, na siku ya chanjo ikitangazwa humo huwafikia hata walio majini usiku. Wanaowaleta mbwa katika siku za chanjo vijijini mara nyingi ni watoto, kwa sababu wao ndio ambao mbwa hukubali kushikwa nao. Mtoto mwenye mbwa kwenye kamba ya katani, akingoja zamu chini ya mti, ni mwanafunzi tayari wa masomo yote yaliyotajwa: asimkumbatie mbwa asiyemjua, asimsumbue anapokula au kunyonyesha, asikimbie akifukuzwa bali asimame kama mti, mikono ubavuni.

Baada ya chanjo huja kuhasi, kazi inayohitaji daktari, ganzi na mahali safi pa kupasulia, na ambayo kwa sasa visiwani ni vigumu kuipata. Mbwa dume aliyehasiwa huwa na sababu chache za kuzurura. Jike aliyehasiwa haleti vitoto ambavyo hakuna atakayevilisha. Gulu haikabidhi mbwa kwa mtu kabla ya hatua hizo mbili, kwa kuwa mwenye jeraha la vita hapaswi kuongezewa hofu ya ugonjwa wala mzigo wa vitoto sita.

Ndipo mkufunzi huingia. Kwa mbwa aliyeokotwa ufuoni, wiki za kwanza ni kumlisha saa zilezile, mahali palepale, na mtu yuleyule. Kamba hufuata, kwanza ikiburutwa tu ili aizoee, kisha ikishikwa. Baadaye ni kuketi, kuja na kuachia. Familia itakayompokea huja kujifunza pamoja naye tangu katikati ya mafunzo, kwa maana mbwa aliyefunzwa na mtu mmoja humtii mtu huyo mmoja. Anayekabidhiwa hupewa kamba, kadi ya chanjo yenye tarehe ya mwaka unaofuata, na maagizo ya chakula. Mkufunzi hurudi kumkagua baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, na mbwa akikutwa kwenye mnyororo mchana kutwa, huchukuliwa.